Moyo wa Dume la Ringwani

Nyamwaga, Ijumaa mchana

Bhoke mwanangu,

Sikuulizi hali kwa sababu nimekuona asubuhi. Ulipita hapa mlangoni ukanipa shikamoo huku unatazama kuku, nami nikaitika marahaba huku natazama kuku hao hao. Siku ya tatu sasa tunasalimiana kwa kupitia kuku. Kesho alfajiri unapanda basi, na mimi sitaki uondoke tukiwa hivi.

Umekwenda mjini Bomani kukata tiketi na kununua vitu vyako. Najua ukifika huko hutoki upesi, kwa hiyo nina mchana wote. Nimechukua kalamu. Watu wanasema Mwita hajui kuandika. Nilisoma mpaka darasa la tatu, lakini la tatu la zamani, siyo haya ya sasa, na barua za ukoo huu nimeziandika mimi kabla hamjazaliwa nyie wenye vyeti. Mkono ni mzito tu. Usome polepole.

Habari ya kufunga begi, kuvaa sweta, kula vizuri na kujihadhari na watu wa stendi sitaandika. Hayo shangazi yako Robhi ameshakuambia mara nne na kesho atakuambia ya tano. Mimi nataka kusema juu ya Jumatatu.

Wacha nianzie pale ulipoanzia wewe. Ulipokuja likizo ulinikalisha kwenye benchi ukanionyesha kwenye simu kazi mnayofanya maabara ya chuo. Ukasema mnapiga picha mioyo ya panya weupe. Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikakuuliza kama serikali imeishiwa ng'ombe. Wewe hukukasirika. Ukanieleza taratibu kama mtu anayemweleza mtoto: panya anavutishwa nusu kaputi kidogo alale, analazwa chali juu ya kibao chenye joto, kifua kinanyolewa kwa krimu na kupakwa jeli, kisha kile kijiti cha altrasaundi kinagusa ngozi. Kinagusa tu. Ukikandamiza kidogo unauminya moyo wenyewe na picha inakuwa ya uongo. Ukasema moyo wake ni kama punje ya hindi na unapiga zaidi ya mara mia tano kwa dakika. Hakuna kisu. Panya anaamka, anakula, na wiki inayofuata mnamtazama tena yeye yule yule.

Hapo niliacha kucheka na sikukuambia kwa nini. Tarime hii yote, mpaka ng'ambo ya Sirari, hakuna mtu aliyeshika mioyo ya ng'ombe kama mimi. Lakini kila moyo niliouona nimeuona umeshasimama. Wewe, mtoto wa juzi, unauona ukiwa kazini.

Ukanionyesha picha mbili zinazocheza. Ya kwanza ya panya asiyepewa kitu, ya pili ya panya aliyepewa ile dawa ya kichocho mnayoijaribu. Ukasema niangalie vizuri, huyu wa pili moyo umechoka, unapiga polepole na haubani sawasawa, kwa hiyo dawa inaharibu moyo. Ukasema mkuu wenu wa maabara amefurahi mno, hajawahi kupata mwanafunzi wa kumpa picha safi namna hiyo, na ni hizo picha zilizokupa nafasi ya kazi ya miaka miwili unayoiendea kesho.

Na mimi na mdomo wangu nikasema, huyu wa pili ana baridi.

Uliniuliza nimejuaje. Nikakuambia ndama akizaliwa kwenye mvua, ukimwekea kiganja nyuma ya kiwiko cha kushoto, moyo wake unakwenda hivyo hivyo. Unapiga, unafikiri, unapiga. Ukimsogeza jikoni karibu na moto anarudi. Nilisema kwa kujisifu tu, sikujua nasema nini. Lakini wewe ulinyanyuka ukaenda kuleta lile daftari lako, na ulipolifungua niliona uso wako unabadilika.

Palikuwa na safu ya joto la miili ya panya. Asubuhi ya siku ile ya kupiga picha ulianza na wale wasio na dawa, joto lao zuri. Mchana umeme ukakatika. Mashine ya picha ikaendelea kwa betri, lakini kibao cha kulalia kikapoa, nawe ukaendelea kuwalaza pale pale mmoja mmoja, ukiharakisha umalize kabla betri haijaisha. Joto ukaliandika kama ulivyofundishwa, ila hukulitazama. Wote waliopewa dawa walikuwa wa baridi. Basi huenda dawa haina kosa lolote. Huenda inalo. Hakuna anayejua, kwa sababu kilichopigwa picha ni ubaridi wa kibao.

Daftari ulilifungua Jumanne hii. Wakati wa kula ukatuambia, mimi na shangazi yako, kwamba taarifa inapelekwa juu Jumatatu na dawa itaachwa.

Nikasema iachwe. Nani atamlilia panya?

"Siyo panya, baba," ukaniambia. "Kuna watoto kule ziwani wanakojoa damu. Wanaingoja hiyo dawa."

Nikakuuliza kati ya hao watoto ni wangapi wanaokujua kwa jina. Nikasema mkuu amekusifu, kazi umepata, nyumba hii haijawahi kutoa mtu wa kazi kama hiyo. Ukifungua mdomo watakuona mzembe, na mzembe harudishiwi mashine mkononi. Nyamaza, uende, ufanye kazi. Ndivyo nilivyosema. Nilipiga na meza.

Ukaniangalia. "Baba, wewe hujawahi kukosea mkono?"

"Mkono huu haujawahi."

Na shangazi yako, aliyekuwa anagawa mboga, akasema bila kuinua kichwa, "Ni kweli, Bhoke. Kaka yangu hajawahi."

Ugali ule sikuumaliza. Wewe ulidhani nimekukasirikia, ukaondoka mezani. Sasa soma hapa ukiwa umekaa.

Unajua Robhi aliolewa Ringwani, kwa Wambura, kisha akarudishwa. Unajua na sababu, maana kila mtu anaijua: alilinywesha dume la mumewe majani ya dawa, dume likafa. Ndivyo ulivyoambiwa tangu mdogo. Ndivyo anavyoamini yeye mwenyewe mpaka saa hii ninapoandika.

Siyo majani. Ni mimi.

Wakati ule bado tulikuwa tunatoa damu ya ng'ombe bila kumwua, ya kuchanganya na maziwa, hasa kwa mtu aliyetoka kuugua. Mama yake Wambura alikuwa ametoka kuugua. Wakaniita mimi, kwa sababu nilikuwa najulikana, na nilikwenda nikijua najulikana. Kazi yenyewe ni hivi. Unamfunga ng'ombe kamba ya ngozi shingoni, mshipa unavimba kama kidole, unasimama karibu na kuupiga kwa upinde mdogo. Mshale wa kazi hiyo una kijiti kimefungwa nyuma kidogo ya ncha, kizuizi, ili usizame. Unatoboa mshipa, basi. Damu ikitosha unalegeza kamba, unaziba tundu kwa samadi, ng'ombe anakwenda malishoni.

Ndugu zake Wambura walikuwa wamekaa kwenye ukuta wa zizi wanatazama. Mmoja akasema kwa sauti, ili nisikie, "Mura, huyu shemeji wa Nyamwaga anapiga mshale wenye breki." Wakacheka wote. Hata Wambura alicheka.

Mimi nikakifungua kile kizuizi, nikakitupa miguuni pao, nikapiga.

Nilijua palepale. Damu iliyotoka haikuwa ile nyeusi ya mshipa wa juu, inayotiririka. Ilikuwa nyekundu na inaruka. Dume lilisimama kidogo, likapiga goti, likalala. Nikaomba kisu haraka, nikasema tusiliache life hivi hivi bila kuchinjwa, na nikalichinja pale pale penye tundu la mshale. Unanielewa? Nilipitisha kisu juu ya tundu ili lipotee ndani ya jeraha kubwa. Sikuchanganyikiwa. Nilikuwa na akili zangu zote.

Kisha nikapasua kifua, nikatoa moyo, nikauinua wauone. Ulikuwa umepauka na kulegea, maana damu yote ilikuwa chini. Nikasema, "Angalieni. Hili lilikuwa na ugonjwa wa moyo. Lingekufa hata nisingeligusa."

Wakasogea, wakatazama. Wambura akauliza lilikuwa limekula nini. Na Robhi, mtu asiyejua kuficha, akajibu yeye mwenyewe akiwa mlangoni kwamba juzi yake lilivimba tumbo akalinywesha majani. Alikuwa anayajua majani, mama yetu alimfundisha yeye akaniacha mimi. Wanaume wote wakageuka kumtazama. Mwaka ule ule alikuwa amempoteza mtoto wake wa kwanza. Niliwaona wanajumlisha, mtoto na dume.

Bhoke, moyo ulikuwa bado mkononi mwangu. Bado una joto. Lilitakiwa neno moja. Nilitazama chini nikaanza kukata nyama.

Kabla mvua hazijaanza walimrudisha. Mimi nikampokea kama kaka mwema, na watu wakanisifu kwa kumpokea. Ng'ombe wa mahari niliwaswaga mwenyewe kwenda kuwarudisha Ringwani, kwa miguu, kichwa juu. Hakuolewa tena. Mama yako alipofariki ndiye aliyekulea, nami nilikuwa nawaambia watu, oneni jinsi Mungu alivyopanga.

Kuna lingine, na hili ndilo baya zaidi kwa mtu kama mimi. Tangu siku ile ndipo nilipoanza kuitwa kusoma mioyo. Ng'ombe akifa mahali hawaelewi, wanasema mwiteni Mwita, yule aliyeutambua moyo wa dume la Wambura mara moja. Nakwenda, nauinua moyo, nasema kitu, na nilichosema kinakubaliwa. Sikuwa najua zaidi yao. Yote uliyowahi kunisikia nikijivunia barazani, yameota pale. Kwa hiyo mkuu wako alipokusifu kwa zile picha nami nikakuambia zishikilie, ujue nilikuwa nasema kama mtu aliyekula sifa za namna hiyo miaka thelathini na moja na bado hajashiba.

Ukiwa na miaka miwili uliumwa tumbo, ukakauka midomo. Hilo hukumbuki. Nilimkuta Robhi amesimama kwenye ua akilitazama jani moja. Alilijua. Mkono ulikwenda mpaka karibu, ukarudi. Nikamwambia achume. Akasema, "Mimi nitaua mwingine?" Nikamwona anatetemeka, na mimi niliyekuwa na dawa ya tetemeko lile mdomoni, nikafunga mdomo, nikakubeba. Tulikwenda zahanati kwa miguu kwenye tope, wewe kichwa kinaning'inia begani kwangu. Nusura tukukose. Hata pale sikusema. Nilisema moyoni, akipona nitasema. Ulipopona nikaona hakuna haraka.

Ndiyo maana sikuambii cha kufanya Jumatatu. Jumanne nilikuambia, na umeona nilichokuambia. Nakueleza tu uzito wake. Pale zizini kwa Wambura lile neno lilikuwa la aibu, lakini lilinyanyulika. Wangenicheka, pengine wangenipiga, ningelipa dume. Kesho yake lilikuwa zito. Ng'ombe wa mahari waliporudi, tayari halikuwa neno langu peke yangu, lilikuwa na maisha ya mtu ndani yake. Lako bado lina wiki chache. Bado ni la kibao na umeme.

Na usidhani nakudanganya kwamba watakupigia makofi. Siwajui watu wako. Huyo mkuu anaweza akakushukuru, anaweza akakuona umemwaibisha, kwa sababu naye ameshazisifu hizo picha mbele za watu. Kazi inaweza kwenda. Ukirudi hapa na lile begi nitaaibika, maana nimeshawatangazia Nyamwaga nzima. Niliwaambia kwenye mnada, niliwaambia kanisani, niliwaambia hata watu wa gari. Hilo ni langu, siyo lako. Nitajua la kuwaambia.

Ila jana nilikuona. Ulikuwa umekaa kwenye ngazi na lile daftari magotini, na mkononi una wembe. Labda ulikuwa unachonga penseli. Sikuuliza, kwa sababu mimi nikiuliza ninaanza kufoka. Ulikaa muda mrefu, ukainuka, ukaingia ndani.

Mwanangu, wewe siku ile ulikuwa na haraka, karibu gizani, betri inakwisha, na bado mkono wako uliliandika lile joto. Hukujua maana yake, lakini uliliandika lilivyo. Mimi nilipitisha kisu juu ya tundu. Mpaka sasa hapo ndipo njia zetu zinapoachana, yangu na yako, na nimekesha siku tatu nikiomba ziendelee kuachana hapo hapo. Ukurasa ukitoka kwa wembe, tutakuwa tumefanana kabisa, na hakuna atakayejua isipokuwa mimi, na mimi nitakutambua kila utakapokuja likizo.

Nimeona nikishaandika hayo sina haki ya kuendelea kabla sijafanya la kwangu. Naweka kalamu chini. Robhi yuko nyuma ya nyumba, anaanika ulezi.

Nimerudi. Sijui nimekaa huko muda gani, jua limeshavuka paa.

Nilimkuta ameinama anasambaza ulezi kwenye turubai. Nilizunguka zunguka kwanza. Nikasema ulezi wa mwaka huu mzuri. Akasema kama nina njaa nisubiri. Nikasimama. Nikamwambia, "Robhi, lile dume la Ringwani ni mshale wangu. Nilitoa kizuizi."

Hakuinua kichwa. Aliendelea kusambaza. Nikadhani hakusikia na, nakuambia ukweli, nilitaka kushukuru.

Akasema, "Rudia."

Nikarudia.

"Kwa hiyo majani yangu yalikuwa mazuri?"

"Yalikuwa mazuri."

"Ulijua lini?"

Hapa ndipo nilipotaka kusema uongo mwingine, Bhoke. Ulikuwa umeshafika kwenye ulimi, tayari na nguo zake: kwamba nilikuja kufahamu baadaye, nilipowaza vizuri. Nikasema, "Palepale."

Akakaa chini juu ya ulezi, pale pale katikati, yeye ambaye huwafukuza kuku wasikanyage hata pembeni. Hakulia. Alikuwa anaangalia viganja vyake, anavigeuza. Nikamwambia anitukane. Akasema hana nafasi. Nikamwambia nitamchinjia mbuzi, nitamwita padri, nitafanya anachotaka. Akaniuliza Wambura yu hai? Nikasema yu hai, ana mjukuu anasoma. Na ndugu zake? Nikasema wamebaki wawili.

"Basi Jumatatu tunakwenda," akasema. "Utawaambia wewe, pale pale zizini, na mimi nikiwepo."

Nikasema Ringwani ni mbali na miguu yangu inauma.

"Hiyo miguu iliwarudisha ng'ombe wao mpaka kule. Haikuuma."

Nikamweleza kwamba nakuandikia barua, nikamwuliza nikuambie nini juu ya panya wako. Akafikiri. Akasema nisikuambie kitu, wewe una akili, nijiangalie mimi. Kisha nilipokuwa nimeshageuka kuondoka akaniita kwa jina, hakusema kaka. "Mwita. Mwambie mimi ningependa wangeniambia mapema. Basi."

Nimeandika kama alivyosema.

Barua hii nitaiweka ndani ya daftari lako, kwenye ule ukurasa wa joto. Kama ukurasa haupo nitaiweka hivyo hivyo, na sitakuuliza. Kesho ukinipa shikamoo unitazame usoni, hata kama kwa hasira. Nitaitika.

Jumatatu asubuhi, wakati utakapokuwa mlangoni kwa mkuu wako, sisi tutakuwa tumeshuka kwenye gari Ringwani, tunatembea kile kipande cha mwisho kwenda kwa Wambura. Nimemwambia Robhi atangulie, mimi nitakuja nyuma polepole kwa sababu ya miguu. Amekataa. Amesema nitangulie mimi na yeye afuate nyuma, maana ananijua: akitangulia yeye, akija kugeuka hatanikuta.

Baba yako,
Mwita